Babu Amesahau Jina Langu, Ila Hajasahau Alichokataa

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea wiki tatu nzima, na kuna watu wamenitumia meseji wakiuliza kama nimedisko kimya kimya. Hapana jamani, bado nipo nipo sana, hehe. Nilikuwa nyumbani, Machame, kwa babu na bibi. Niliahidi kuandika mambo ya BTP, yaani ile shule niliyopangiwa na vituko vyake, lakini kila nikipanda juu ya dabodeka langu hapa hosteli na kushika kalamu, mkono unaenda kwingine. Kwa hiyo leo nawaandikia kinachonikaa moyoni. BTP itafuata.

Kwanza niwape picha. Babu yangu ana miaka 81. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kahawa, na kwa miaka mingi alikuwa mpima kahawa kwenye chama cha msingi pale kijijini. Mzee yule alikuwa anainua gunia kidogo tu kwa mkono mmoja, anakutajia kilo kabla hata halijawekwa kwenye mizani. Bibi ana miaka 76. Yeye ni mwalimu wa UPE, wale walioingia darasani miaka ya 70 serikali ilipotaka kila mtoto asome, wakafundishwa ualimu huku wakiwa wanafundisha. Babu hajawahi kumwita jina. Anamwita "Mwalimu". Ukweli ni kwamba hata mimi kusoma elimu hapa Mlimani, ni bibi aliyeniambukiza.

Basi bwana, kusahau kulianza taratibu, kama mwaka 2021. Babu anatafuta kofia iko kichwani, tunacheka. Baadaye anauliza swali moja mara tano ndani ya nusu saa, hatucheki tena. Siku moja akapotea ndani ya kihamba chake mwenyewe, migomba aliyoipanda kwa mikono yake. Majirani walisema mengi, wengine uzee, wengine ametupiwa kitu. Hospitali wakasema ni ugonjwa wa ubongo, ule wa kupoteza kumbukumbu. Kumbe hata si jambo geni kwetu. Kuna utafiti ulifanyika hapo hapo wilaya ya Hai, ukachapishwa mwaka 2013, ukaonyesha kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na kuendelea, kama 6 hivi wanao ugonjwa huu. Wanaishi jirani na sisi, ila tunasema tu "mzee amezeeka".

Halafu mwaka 2024 likaja la pili. Mkojo ukawa unagoma, mgongo unauma usiku. Wakapima damu, wakachukua kinyama, jibu likaja saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa. Daktari alizungumza vizuri sana, sina lawama naye. Alisema kuiondoa yote haiwezekani tena, ila kuna matibabu ya kuipunguza kasi kwa kuzima homoni ya kiume, ama kwa sindano, ama kwa upasuaji mdogo wa kutoa korodani. Na kama maumivu ya mifupa yatazidi, mionzi inaweza kusaidia. Babu alikuwa amekaa kimya muda wote, tukadhani hayupo nasi. Ghafla akasema, "Nimesikia. Sikatwi, sichomwi. Nipelekeni nyumbani kwa Mwalimu." Na Mwalimu amekaa pembeni yake, ameshika mkoba.

Hapo ndipo ukoo ulipogawanyika. Baba mkubwa alisema kitu ambacho na mimi, nakiri mbele yenu, nilikiunga mkono: mtu asiyejua leo ni siku gani anawezaje kukataa tiba? Ule ni ugonjwa unaongea. Mnamsikilizaje? Shangazi akawa anamlaumu bibi waziwazi kwamba amemchoka mume wake. Mimi sikusema hivyo, lakini nilipanda basi kutoka Dar nikiwa na hotuba yangu kichwani. Si nimesoma saikolojia ya elimu? Nitamshawishi bibi, bibi atamshawishi babu, mambo yameisha.

Hotuba sikuwahi kuitoa.

Usiku wa kwanza tu nilielewa kwamba sijui chochote. Saa 8 usiku babu anaamka, anavaa koti, anataka kwenda kupima kahawa, watu wamepanga foleni. Bibi hambishii. Anamwambia, "Chama hakijafunguliwa baba, kaa kwanza tunywe chai." Anakaa naye. Baada ya nusu saa babu amesahau foleni, analala. Saa 10 anaamka tena, safari hii ni mgongo, analia kama mtoto. Saa 12 bibi yuko jikoni anakoroga mtori. Hakuna aliyekuwa anamsaidia. Sisi wote tuliokuwa tunajua kinachotakiwa kufanyika tulikuwa mbali.

Siku ya tatu nikamuuliza, kwa upole, bibi, una uhakika gani kwamba ni babu anayekataa? Hakukasirika. Akaenda chumbani, akarudi na daftari, lile la kawaida la shule, akanipa.

Wadau, bibi alikuwa amefanya kile ambacho ukoo mzima haukukifanya. Alikuwa amemuuliza. Daktari alimwelekeza: muulize katika saa yake nzuri, tumia sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kisha mwambie akurudishie kwa maneno yake. Saa nzuri ya babu ni asubuhi, kama saa 3, baada ya chai, kabla jua halijawa kali. Bibi alimuuliza mara sita ndani ya miezi miwili, siku tofauti, na kila mara aliandika tarehe na jibu kwa ule mwandiko wake wa ubaoni.

Mara ya kwanza: "Anasema ana ugonjwa wa kumuua. Hataki kukatwa." Mara ya pili: "Hakumbuki ugonjwa. Nimemweleza upya. Amenyamaza sana. Amesema hataki kufia kitanda cha watu." Mara ya tatu: "Anasema sijui, nisimsumbue. Leo sihesabu." Mara ya nne, ya tano, ya sita, maneno tofauti, jibu lile lile. Mara ya sita alikuwa amemuuliza, "Na ukiumwa sana?" Babu akajibu, "Dawa ya maumivu nipe. Hiyo sijakataa."

Nilirudia ile ya mara ya tatu mara nyingi. Angekuwa mtu anayetafuta kisingizio, asingeiandika. Ndipo nikaona tulivyokuwa tumekosea. Babu anasahau kwamba anaumwa. Kila akielezwa ni habari mpya, na kila mara anaipokea upya na kuamua upya, na anafika pale pale. Nikamuuliza bibi kwa nini hakuwaonyesha watoto wake daftari. Akasema, "Hawakuniuliza. Walikuja kunifundisha."

Nilitazama chini. Na mimi nilikuja kufundisha.

Jumamosi ya wiki ya pili baba mkubwa akaja na gari na vijana wawili. Mpango ulikuwa kumwambia mzee wanaenda Moshi mjini kuangalia bei ya kahawa, kisha wampeleke moja kwa moja kulazwa. Babu akatoka na kofia yake, amefurahi kweli, "Leo tunapima?" Bibi akasimama kati yake na mlango wa gari. Hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe, "Baba yako hakumbuki ulichomwambia jana, lakini anajua akidanganywa. Atakaa kule siku nzima ananitafuta, na hatajua kwa nini nimemtoa nyumbani. Ukimpeleka, mpeleke na akili yake yote kwanza." Halafu akamwita ndani, akampa daftari.

Baba mkubwa alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni, mtu mzima na kitambi chake, akalia. Nami nikatoka nje, maana si vizuri kumwangalia mkubwa wako akilia.

Sasa msije mkadhani nawaandikia hadithi yenye mwisho mtamu. Kukataa kuna gharama, na wanaoilipa ni wawili. Daktari alishasema wazi kwamba bila yale matibabu mifupa itauma mapema zaidi, na inaweza hata kubana uti wa mgongo asitembee tena. Bibi analijua hilo. Usiku mmoja tukiwa tunasubiri babu asinzie, aliniambia, "Akiugua hivi huwa najiuliza, labda ningemlazimisha. Halafu asubuhi ananiita Mwalimu, nasema hapana. Halafu usiku tena." Sikuwa na jibu. Nilimwekea maji ya kuoga tu.

Kilichosaidia ni muuguzi wa huduma shufaa. Mimi nilidhani hiyo ni huduma ya mtu aliyekata tamaa. Kumbe ni watu wanaotibu maumivu, wanaangalia usingizi, choo, vidonda, na hata wanaomuuguza. Alileta mofini ya maji, ya kunywa, kila baada ya saa 4, ya usiku akaiongeza ili mzee alale, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga. Shangazi aliposikia mofini alishtuka, akasema mnamuua au mnamfanya teja. Muuguzi akamweleza taratibu kwamba ikipimwa sawasawa inakaa na maumivu, haimwahishi mtu kaburini. Bibi akachora jedwali nyuma ya daftari. Usiku ule babu alilala saa 6 mfululizo. Bibi pia. Mimi ndiye nilikaa macho, nikishangaa ukimya.

Kazi yangu ikawa kumwogesha na kuangalia mpira wa mkojo. Mara ya kwanza niliona aibu hadi masikio yakawa moto. Yeye aliniita jina la mdogo wake aliyefariki zamani, akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa. Nikataka kumsahihisha, babu ni mimi mjukuu wako. Bibi alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa. Nikasema wamekunywa. Akasema vizuri. Lakini akiuliza mwenyewe "Nina nini?" bibi hamdanganyi. Anamwambia, una saratani baba, uko nyumbani, mimi nipo. Asipouliza, hamwambii. Hiyo tofauti sikufundishwa kwenye lekcha yoyote.

Siku mbili kabla sijaondoka, baba mkubwa alirudi peke yake, ameshika jani la sale. Wenzangu wa Kilimanjaro mnajua maana yake, kwetu mtu akija na sale anaomba msamaha, na huwezi kumfukuza. Bibi alilipokea. Hawakuongea sana. Sasa baba mkubwa analala pale kila Jumamosi ili mama yake apumzike, na shangazi amechukua Jumatano. Siku zilizobaki kuna binti wa jirani. Hata tungetaka yeye mwenyewe aende, sasa hakuna anayejadili kupeleka mtu popote. Wanajadili zamu.

Kwa hiyo wadau, kama kwenu kuna mgonjwa wa namna hii, mimi sina la kuwafundisha. Naomba tu mkipiga simu nyumbani, msianze na ushauri. Muulizeni anayeuguza jana amelala saa ngapi.

Siku ya kuondoka bibi alinifungia begi la ndizi na maparachichi. Babu alikuwa amekaa barazani. Nikaenda kuaga, akanitazama, jina langu likagoma kuja kabisa. Badala yake akashika mkanda wa begi, akaliinua kidogo kutoka chini, akafumba macho.

"Kilo kumi na nne," akasema. "Imekauka vizuri. Mwandikie, Mwalimu."

Na bibi, kweli, akafungua daftari akaandika.

Jumatatu nina prezentesheni saa 2 asubuhi Yombo na sijagusa hata slaidi moja. Niombeeni. Maparachichi yapo, njooni chumbani kabla hayajaisha.