Mtoto Aliyekata Pumzi

Miaka ile baada ya volkano, Goma ilikuwa ikijengwa juu ya mawe yaleyale yaliyoiteketeza. Nyiragongo ilishusha moto tarehe 17 Januari 2002, ukapita katikati ya mji hadi ziwani, nasi tukavuka mpaka kwenda Gisenyi na magodoro kichwani. Nilikuwa mjamzito. Tuliporudi tulisimamisha nyumba ya mbao juu ya lava iliyopoa, tukaezeka mabati, na humo kijana wangu akazaliwa katikati ya mwaka. Mwaka uliofuata alianza kujifunza kutembea kwenye ardhi ambayo hata mtu mzima akianguka hutoka damu.

Ndipo mambo yalipoanza. Akiumia goti, au akinyang'anywa kitu, anapanua kinywa kulia. Kilio cha kwanza kinatoka, cha pili kinavutika, kisha sauti inakatika kinywa kingali wazi. Midomo inageuka bluu, macho yanapanda juu, mwili unakakamaa, halafu unalegea mikononi mwako. Mara nyingine vidole vilimchezacheza. Muda si muda anavuta pumzi kwa nguvu, analia kidogo, anatafuta titi, analala.

Mahali pengine mama angehofia ugonjwa tu. Sisi wa Goma tuna hofu nyingine juu ya hiyo: mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya kwenye mabonde, hasa upande wa Bulengo. Mbuzi hukutwa asubuhi wamekufa bila jeraha, na mtoto, kwa ufupi wake, huivuta kabla ya mtu mzima. Kwa hiyo mara ya kwanza kijana wangu alipozimia, mzee wa nyumba ya nyuma hakumtazama mtoto hata kidogo. Aliwasha kibiriti, akakishusha polepole mpaka kwenye nyufa za lava. Kikaendelea kuwaka. "Haiko mazuku," akasema, akasimama. Tukabaki na la kujiuliza: ni nini basi?

Majibu hayakukosekana. Mmoja alisema ni degedege, mwingine ni pepo. Mama mkwe alisema ni mshtuko wa volkano, umemwingia mtoto tangu tumboni. Na kila mtu alikuja na dawa yake. Mama aliyeuza makala, yaani mkaa, pale njiani alikimbia na kikombe cha maji baridi, akamrushia usoni. Mke wa mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alimpulizia machoni: "Mupulizie! Mupulizie mu uso!" Mwingine alikata kitunguu akamsogezea puani. Yuko aliyetaka kumwinua miguu juu kichwa chini, yuko aliyetafuta kijiko amwingize kati ya meno asije akameza ulimi. Mama mkwe alimfunga uzi mweusi kiunoni, na jioni akawa akimpaka mafuta ya mawese kifuani.

Ajabu ni kwamba kila dawa ilifanya kazi. Ukimpulizia, anarudi. Ukimwagia maji, anarudi. Kila jirani alikuwa shahidi kwamba yake ndiyo iliyomrudisha, wala huwezi kumbishia, maana aliona kwa macho yake. Na kesho yake mtoto anazimia tena.

Dawa nyingine tuliivumbua wenyewe bila kuiita dawa: asikasirishwe. Akitaka simu, apewe. Akitaka sabuni ailambe, ailambe. Bibi yake alitangaza kwamba bwana wake halii katika nyumba hii, na watoto wakubwa wakawa wanavua hata viatu vyao wampe. Mtu asiyefika magotini mwetu ndiye aliyekuwa chifu wa nyumba.

Katika kituo cha afya, munganga aliuliza kabla ya kumgusa. Anazimia usingizini? Anazimia bila kulia kwanza, au bila kuumia? Huwa na homa? Moyo wake umewahi kuonekana na shida? Kwa yote nikasema hapana. Angesikia ndiyo moja, alisema, angetutuma hospitali siku ileile. Kisha akaeleza. Mtoto hafanyi makusudi. Hasira au maumivu humkatia pumzi baada ya kuitoa yote, akazimia, na akishazimia mwili wenyewe huanza kupumua. Huwapata watoto kati ya miezi 6 na miaka 6, na karibu wote huacha wakikua. "Mumulaze kwa ubavu, mutoe mawe karibu yake, mukae naye," akasema. "Musimutikise. Musitie kitu mu kinywa. Na maji muyaache, yanaweza kumuingia mu mapafu."

Halafu akamvuta kope la chini, akamfunua viganja. Vilikuwa vyeupe. Akauliza anakula nini asubuhi. Chai na mandazi, nikajibu, kama watoto wote. Akasema chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini, na mtoto mwenye damu pungufu huzimia zaidi. Akatupa dawa ya maji ya chuma, akaagiza maharagwe, mboga ya lengalenga, na samaki wadogo wa sambaza wa kusagwa ndani ya bugali. Miaka baadaye nilisoma kwamba mwaka 1997 madaktari wa Jordan walichapisha matokeo ya dawa hiyohiyo: watoto wengi walioinywa walipunguza kuzimia au waliacha kabisa.

Kwetu dawa hiyo nusura imwagwe jalalani, kwa sababu choo cha mtoto kiligeuka cheusi. "Sasa mumemutia makala mu tumbo!" mama mkwe akapiga kelele. Munganga alikuwa ametuonya, lakini kuonywa ni kimoja na kufunua nepi ni kingine.

Jioni moja nilimnyang'anya kijana kibiriti. Akapanua kinywa, sauti ikakatika. Nikamlaza kwa ubavu juu ya kitenge, mkono wangu mgongoni kwake. Mama wa makala akafika na kikombe chake. Nikakipokea, nikamkabidhi mama mkwe. Sote tukasubiri. Mtoto akavuta pumzi mwenyewe, akalia, akatafuta kibiriti, hakukipata. Mama mkwe akayanywa yale maji.

Baada ya hapo kuzimia kukawa kwa nadra, na alipoanza shule ya msingi kulikwisha. Siku hiyo ya sare mpya ndipo mama mkwe alipocheka na kusema kwamba baba wa mtoto pia, alipokuwa mdogo kule Masisi, alikuwa akizimia hivyohivyo.

"Mama, na wewe ulimpa dawa gani?"

"Dawa gani? Nilikuwa na shamba ya kulima. Alikuwa anazima, anarudi."

"Mbona hukutuambia?"

"Mulikuwa mumeshakimbilia maji."