Samaki wa Ziwa Tanganyika Katika Nyumba ya Wanafunzi

Tuko watatu katika nyumba moja mashariki mwa London: wawili wa Unguja na mwenzetu mmoja wa Kigoma. Mwaka wetu wa kwanza tuliona nyumba isiyo na kiumbe mwingine zaidi ya panya inatia unyonge. Paka, mwenye nyumba hataki. Tukasema basi samaki, maana samaki ni rahisi. Hilo neno rahisi lilitugharimu.

Tangi la kioo la lita 60 tulilipata kwa pauni 15 kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Tulirudi nalo kwenye basi, tumelipakata kama mtoto mgonjwa. Baada ya hapo tukaanza kubana matumizi. Dawa ya kuondoa klorini tuliiona anasa. Maji tunayokunywa sisi wenyewe yatamdhuru vipi samaki? Tukaacha ndoo wazi usiku kucha, kama tulivyosikia watu wakisema. Tuliambiwa pia tangi lisubiri wiki nne hadi sita kabla ya kujaa samaki. Sisi tulinunua neon tetra kumi siku ile ile, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaowaka. Siku ya tisa hakubaki hata mmoja.

Kumbe samaki hunya ndani ya maji yale yale anayovutia pumzi. Uchafu wake hutoa amonia, na amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka umbadilishie maji. Bakteria hao wanataka muda tu, na muda ndio kitu pekee ambacho mwanafunzi anacho bure. Na ile ndoo ya usiku kucha haikusaidia, kwa sababu maji ya hapa hutiwa kloramini, ambayo haitoki upesi kama klorini. Chupa ya dawa ilikuwa pauni 4. Samaki waliokufa walikuwa wa pauni 20. Hesabu hiyo tuliipiga jikoni, kimya kimya.

Tangi likakaa tupu mpaka Oktoba. Siku moja tukapita dukani kutazama tu, na mwenzetu wa Kigoma akasimama mbele ya tangi moja la pembeni. Juu yake palikuwa na karatasi imeandikwa Tanganyika. Ndani mlikuwa na samaki wadogo, mrefu wao hazidi kidole gumba, wenye mistari mwilini, kila mmoja akiingia na kutoka katika kombe la konokono. Jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus multifasciatus. Mwenzetu alinyamaza muda, kisha akasema, "Jamani, hawa ni wa kwetu." Muuzaji akatueleza kwamba wamezaliwa huku huku Ulaya. Hawajaliona ziwa, kama baadhi ya wanachama wa chama chetu ambao hawajaiona Afrika, lakini tabia ni zile zile.

Hapo ndipo tulipopata nafuu ya kweli. Maji ya London ni magumu, yamepita kwenye miamba ya chokaa. Tazama tu ukoko mweupe ndani ya birika lako. Neon tetra asili yake ni maji laini ya Amazon. Samaki wa Tanganyika wao wanataka maji magumu, na hayo tunayo bombani. Ukichagua samaki anayependa maji ya mtaani kwako, unaacha kununua chupa nusu ya zile zilizopangwa dukani. Makombe tuliletewa na dada yetu wa Mombasa, anayefanya kazi ya jioni katika mkahawa unaouza konokono (ndiyo, huku wanaliwa). Tukayachemsha. Jirani yake anayefuga samaki akatupa sponji chafu kutoka kichujio chake, imejaa bakteria hai. Sponji hiyo haina bei, na ilitupunguzia kusubiri.

Samaki sita kwa pauni 7 kila mmoja: 42. Chakula ni kidogo sana, na tulijifunza kwamba kulisha kupita kiasi ni kununua amonia. Kinachokula fedha ni umeme. Hita ya wati 50, ikiwaka nusu ya siku, inatumia uniti 0.6, kwa bei yetu ya kama peni 25 kwa uniti, ni pauni 4 na nusu kwa mwezi. Tukafunika tangi juu, tukabandika mgongoni na ubavuni vipande vya yale maboksi meupe mepesi yanayofungiwa televisheni. Hita ikaanza kupumzika.

Januari, mita yetu ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU, ikaisha saa tisa za usiku. Tulipoamka maji yalikuwa yamepoa, na samaki hao huhitaji kama nyuzi 25. Jiko ni la gesi, kwa hiyo tukachemsha maji, tukajaza chupa, tukazielesha tangini, tukabadilishana zamu mpaka duka la kona lilipofunguliwa. Wote sita walipona. Siku hiyo hatukuhudhuria mhadhara wa saa tatu, na mwalimu wetu akisoma hapa sasa atajua sababu.

Mama wa mwenzetu anaanika dagaa Kibirizi. Kwenye simu ya video aliwatazama samaki, akauliza, "Mnawala lini?" Tukacheka. Akauliza bei. Mwanawe akamwambia tulipewa. Alipokata simu alikaa kitandani muda mrefu, na sisi hatukumsemesha.

Sasa wamezaana. Tuna watoto kumi na mmoja wanaotosha kuhama, pauni 2 kila mmoja kwa wanachama. Njoo na ndoo yenye kifuniko, na tangi lako liwe limeshasubiri wiki zake. Tutaliuliza hilo mlangoni. Fedha zitakazopatikana tumekubaliana ziende Kibirizi, na mwenzetu bado anatafuta maneno ya kumweleza mama zimetoka wapi.