Kikombe cha Barabara ya Rusumo

Aprili 28, 1994 nilikuwa na miaka tisa. Nyumba yetu, wilayani Ngara, ilikuwa kando ya barabara itokayo daraja la Rusumo kwenda Benaco. Siku hiyo barabara ilijaa watu kutoka Rwanda, zaidi ya laki mbili kwa siku moja tu, wamejitwika mikeka, masufuria, magodoro. Watoto mgongoni. Sikusikia kelele, nilisikia nyayo.

Mama aliweka ndoo ya maji chini ya mwembe, akanikabidhi kikombe cha bati. "Wape. Yakiisha, kimbia kisimani." Waliomba amazi, neno lilelile la kwetu kwa Kihangaza. Msichana wa rika langu alikunywa nusu, nusu akampelekea bibi yake aliyekaa ukingoni mwa barabara. Wenzao walikwishatangulia, lakini alirudi mbio kunirudishia kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

Nilipokua nilijua kwamba miongoni mwa walioshika kikombe kile walikuwamo waliotoka kuua katika mauaji ya kimbari. Mpakani mapanga yalirundikana, na mto Kagera ulikuwa ukiteremsha maiti. Jambo hilo limeninyima usingizi miaka mingi. Hata hivyo sijaona kwa nini yule msichana angenyimwa maji.

Kaka yangu, wakati huo kijana wa miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa akilima. Anachokumbuka yeye ni vilima vilivyobaki vipara kwa wakimbizi kukata kuni, na muhogo wetu kung'olewa usiku. Hasemi uongo. Shamba lile lilikuwa jasho lake.

Mei 2015 nilikuwa mwalimu Kigoma. Wakimbizi wa Burundi waliokwama kijijini Kagunga waliletwa kwa meli ya Liemba, wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika. Kipindupindu kilikwishaua watu. Mimi si muuguzi, wala hakuna aliyeniita, nilijikuta getini. Nikapewa jagi la maji ya ORS na vikombe, nikagawa mpaka giza likaingia.

Usiku nilimpigia kaka. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Kuni wanapata wapi?"

Mama naye nilimpigia, nikamkumbusha kikombe cha bati. Hakukikumbuka hata kidogo. Alikumbuka kwamba ndoo ilikuwa inavuja, na kwamba siku nzima alikuwa akiwaza tutapika na nini.