Umri Wangu Chini ya Magari

Mwaka huu nimemkabidhi mpwa wangu funguo za gereji ya Migori, nikarejea Kendu Bay kukaa katika nyumba aliyoijenga marehemu baba karibu na ziwa. Na kwa kuwa mikono iliyozoea spana haipendi kukaa bure, na masahibu zangu wamenisihi niandike machache mintarafu ya kazi iliyonilisha, nimeridhia. Sikuridhia kwa kudhani kwamba maisha yangu yana ajabu kuliko ya mafundi wengine. Bali iko khitilafu baina yangu na ustadhi wangu ambayo mauti yake yaliikata kabla haijahukumiwa. Fauka ya hayo, naona vijana wa leo wanainua magari kwa ajili ya kutazamwa, kisha wanashangaa magari hayo yanapolala ubavu mtaroni.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa miongoni mwa Waislamu wa mji wa zamani wa Kendu Bay, ambako Kiswahili kilisemwa msikitini na dukani, na Kijaluo kikasemwa sokoni na gatini. Nikasoma Kurani chuoni, nikasoma skuli hadi karo ilipokwisha, na baba, aliyekuwa akipakua mizigo ya meli zitokazo Kisumu, akanipandisha katika meli moja akanipeleka Homa Bay kwa fundi wa Kikalasinga aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya maduka. Siku hizo Homa Bay ndiyo iliyokuwa makao ya wilaya ya Nyanza Kusini, na Migori ilikuwa sehemu tu ya wilaya hiyo. Magari ya serikali, ya misheni na ya wafanya biashara yalikuja kwetu kutoka Karungu, Muhuru, Mbita na Ndhiwa, mengi yakiwa yamevunjika springi, na yote yakiwa yamejaa vumbi hata ndani ya vibweta vya zana.

Jina la ustadhi wangu silitaji, kwa kuwa watoto wake wako Uingereza nami sikuwaomba ruhusa; sisi tulimwita Mistri, kama walivyoitwa mafundi wa kabila lake kote Afrika Mashariki. Alikuwa mtu wa maneno machache na hasira nyingi, ambaye hakukubali mwanafunzi ashike spana kabla hajajua kufagia, wala aguse shokabzoba kabla hajajua kuifungua springi ya Land Rover bamba kwa bamba, kulipaka kila bamba grisi, na kulirudisha pasipo kubakisha nati. Nilipomwuliza kwa nini tusianze na shokabzoba, ambayo ndiyo wenye magari waliyoilalamikia daima, alinijibu neno ambalo nimelirudia kwa kila mwanafunzi niliyempata: "Kijana, gari linakaa juu ya springi. Shokabzoba haibebi kitu. Kazi yake ni kuinyamazisha springi isiendelee kucheza."

Asiyelielewa jambo hili asinunue chochote dukani. Springi hubeba uzito na kupokea pigo la shimo. Ikiisha kulipokea, hutaka kurudi juu, kisha chini, kisha juu tena, na lau ingeachwa, gari lingeruka-ruka mpaka tairi lisiguse ardhi na usukani usimtii dereva. Shokabzoba huishika springi isifanye hivyo, kwa kuyalazimisha mafuta yapite katika matundu madogo ya pistoni, na ile nguvu ya mchezo ikageuka kuwa joto. Ndiyo maana Mistri, gari lilipowasili kutoka safari mbaya, hakulisukuma bampa kama wafanyavyo wengi, maana gari zito lenye springi ngumu husimama lisukumwapo hata kama shokabzoba zake zimekwisha kufa; yeye alijipenyeza chini mara moja, akaigusa kila shokabzoba kwa ncha ya kidole. Ile ya moto ilikuwa ikifanya kazi, na ile ya baridi ndiyo maiti.

Kazi iliyotufunza zaidi ilikuwa ya bonde la Lambwe. Bonde lile lilijaa mbung'o, na malale yalikuwa yamewakimbiza watu. Mwaka 1966 sehemu yake ikafanywa hifadhi ya wanyama, ile ambayo tangu 1983 huitwa Mbuga ya Taifa ya Ruma, na Land Rover za watu wa mbung'o na za askari wa wanyama zikawa zinashinda humo kutwa. Udongo wake ni mweusi. Wakati wa mvua hunasa gari hadi ekseli, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu. Nazo barabara za murramu ziliingiazo bondeni hufanya matuta madogo madogo yaliyopangana kwa maili nyingi, ambayo dereva huyaona si kitu, ilhali shokabzoba huyahesabu moja moja. Upande wa pili, kwenye milima ya Gwassi na njia za kushukia ziwani, tabu ni ya mawe yarukayo yakipiga kila kilicho chini ya chasisi. Khitilafu yangu na Mistri ilizaliwa baina ya matuta ya Lambwe na mawe ya Gwassi.

Shokabzoba tulizozizoea zilikuwa na silinda mbili, moja ndani ya nyingine: ya ndani ina pistoni na mafuta, ya nje ni ghala ya mafuta yaliyozidi, na juu ya mafuta hayo kuna hewa. Katika matuta yapitwayo kwa kasi mafuta hupata moto, hewa huchanganyika nayo, yakawa povu. Na pistoni isukumayo povu haishiki kitu. Baadaye zikatujia zile za silinda moja, ambazo asili yake ni hikima ya Mfaransa Christian Bourcier de Carbon, na ambazo kampuni ya Bilstein ya Ujerumani ilianza kuziunda katika miaka ya hamsini: ndani yake gesi ya naitrojeni imefungiwa upande wake kwa shinikizo kubwa, ikitengwa na mafuta kwa pistoni ya pili iendayo yenyewe, hata mafuta yasipate nafasi ya kufanya povu, na kwa kuwa hakuna silinda ya pili kuizunguka, joto hutoka moja kwa moja kwenda kwenye upepo.

Nilipoziona nilisema hizi ndizo za Lambwe. Mistri alizigeuza mkononi, akazigonga kwa kucha, akasema haziwezi kudumu Gwassi hata msimu mmoja. Na hoja yake haikuwa ya kijinga: ukuta wa silinda moja ndio ukuta apitapo pistoni, kwa hiyo jiwe moja likiubonyeza, pistoni imekwama na shokabzoba imekwisha, ilhali ile ya silinda mbili hubonyezwa ya nje, ya ndani ikaendelea na kazi kana kwamba halikutokea jambo. Mimi nilijibu kwamba jiwe ni bahati na joto ni hakika. Gari la Lambwe litapata moto kila siku ya Mungu, bali si kila siku litapigwa jiwe. Na jiwe lina dawa, nayo ni kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa na kufungwa mbele ya shokabzoba kikayapokea yale mawe, wala povu halina dawa isipokuwa kusimama chini ya mti na kungoja. Yeye akasema fundi anayehitaji kufunga ngao ya mpira amekwisha kukiri kwamba amenunua kitu kisichofaa. Tulibishana hivyo miaka mingi, mbele ya wateja na nyuma yao, na alipohama nchi alinitumia salamu kwa mtu, ambazo ndani yake aliuliza kama bado nakata matairi. Naam, nilikuwa nakata. Rai yangu haijabadilika: palipo na matuta marefu na mwendo wa kasi, silinda moja, palipo na mawe na mwendo wa kobe, silinda mbili nene, na mwenye gari asemaye "nipe iliyo bora" pasipo kusema aendako, apelekwe kwanza akaketi na kufikiri.

Lakini katika jambo la kipimo sikuwa na ubishi naye. Mistri alikuwa na kamba yenye mafundo. Kabla ya kuagiza shokabzoba kwa gari lililobadilishwa springi, alitoa zile kuukuu, akaiinua ekseli kwa jeki mpaka ikagusa kile kipande cha mpira kilicho chini ya chasisi, tukiitacho stopa, akapima kutoka mshikizo wa juu hadi wa chini, akafunga fundo. Kisha akaiacha ekseli ining'inie hadi mwisho wake, akapima tena, akafunga fundo la pili. Shokabzoba ikifungwa kabisa lazima iwe fupi kuliko fundo la kwanza, na ikivutwa kabisa lazima iwe ndefu kuliko la pili. Ikiwa ndefu mno, itagonga chini yenyewe kabla ya stopa, nayo itavunja mishikizo au kujivunja moyo; ikiwa fupi mno, itageuzwa kamba ya kuning'inizia ekseli, kazi ambayo haikuumbiwa. Kazi yote haichukui muda wa kunywa chai, na bado wako mafundi wenye kompyuta wasioifanya.

Sasa niseme juu ya kuinua magari, maana hapa ndipo damu yangu huchemka.

Nilipofungua gereji yangu Migori, wateja wangu wakubwa walikuwa wanunuzi wa dhahabu. Mgodi wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966, lakini wananchi hawakuacha kuchimba, na njia za Nyatike, ambazo mto Kuja huzifurikia kila uvimbapo, hazikuacha kunasa magari. Mteja mmoja alikuwa na Land Cruiser ya zamani, ile yenye springi za mabamba mbele na nyuma, iliyokwama tope kwa difu, lile bonge la gia lililo katikati ya ekseli. Naye fundi mmoja, jirani yangu, akamwahidi kwamba ataliinua asikwame tena. Mbele na nyuma akafunga sheko ndefu, yaani vile vishikizo vya ncha ya springi, na gari likasimama juu hata mwenyewe akahitaji ngazi. Wiki zilizofuata mteja alikuja kwangu: usukani unatangatanga katika lami ya Isebania, propela inavuma, na hosipaipu za breki zimenyooka kama uzi wa mshoni. Na tope? Gari lilikwama pale pale.

Jirani yangu aliitwa, watu wakakusanyika, akasema mbele yao kwamba nina husuda, na kwamba mimi ni mtu wa zama za Land Rover. Sikumjibu. Nilichukua futi, nikaleta Land Cruiser nyingine yenye tairi za kipimo kile kile ambayo haikuinuliwa, nikapima kutoka difu hadi ardhini katika magari yote mawili. Vipimo vilikuwa sawasawa. Springi huinua chasisi na bodi, haiinui ekseli, kwa kuwa ekseli imekaa juu ya magurudumu. Difu huinuliwa na tairi kubwa peke yake, na tairi iliyozidi kipenyo kwa inchi mbili huinua inchi moja tu. Kuinua springi kuna faida zake, sikatai: tumbo la gari huvuka jiwe, tairi kubwa hupata nafasi, pembe ya kupandia ukingo huongezeka. Lakini bei yake ni uzito kukaa juu, krosi za propela kufanya kazi kwa pembe mbaya, na magurudumu ya mbele kupoteza ule mwinamo unaourudisha usukani katikati. Jirani yangu yule leo ana bango kubwa barabarani. Sina ugomvi na bango.

Inchi mbili zatosha kwa gari la kazi la nchi hii, na ziletwe na springi yenyewe, iliyochaguliwa kwa uzito ambao gari hubeba kila siku. Hapa ndipo waungwana hudanganyika: hununua springi za kubebea tani, wakalipeleka gari tupu, likawagonga uti wa mgongo mpaka wakailaumu shokabzoba. Mwenye gari alipime likiwa na tangi kamili, abiria wake na mzigo wake wa kawaida. Springi zije kwanza, shokabzoba zifuate springi, na kimo kije mwisho, ikiwa kitakuja.

Lami imefika Mbita, na safari iliyokuwa ya siku sasa ni ya asubuhi. Gari la Migori siku hizi ni Probox, nalo vijana wameliwekea vipande vya kuinulia juu ya springi ili libebe watu ambao halikuundwa kuwabeba, na hosipaipu za breki wameziacha zile zile. Mpwa wangu nimemkataza kazi hiyo. Ameniambia wateja wataenda kwa jirani. Nimemwambia waende.

Nawe msomaji, ukiwa na gari na umeshawishika kuliinua, mwulize fundi wako swali moja kabla ya kumpa arbuni ya fedha: ekseli ikipanda, kipi kitagusa kwanza, stopa au shokabzoba? Akikujibu bila kwenda kupima, chukua ufunguo wako uondoke.