Usimwambie Mwanao Hesabu ni Ngumu

Mama mwenzangu, liko neno tunalolisema kwa mzaha mbele ya watoto wetu, nalo huwaumiza kuliko tunavyodhani: "Hesabu hazimwingii huyu, kanirithi mimi." Mtoto, hasa wa kike, akilisikia mara kwa mara huliamini. Akifika darasa la saba amekwisha kukata tamaa hata kabla ya kushika kalamu.

Mimi ni muuguzi, si mwalimu. Lakini hapa Mzumbe, chini ya milima ya Uluguru, Jumamosi jioni hukaa na watoto wa kanisani kwetu tukifanya mazoezi ya shule. Mwaka mmoja alikuja binti wa darasa la saba. Mama yake, anayelima na kuuza mboga, alimleta mwenyewe, akaniambia bila kuficha: "Dada nesi, nimemleta kwa kuwa umeomba. Mama yake mdogo aliyeko Dar es Salaam anamtaka akamlelee mtoto. Naona aende tu, maana hesabu zimemshinda." Binti alikuwa amesimama palepale, akitazama chini.

Nilifungua daftari lake. Swali lililomtesa lilikuwa hili: Jumla ya namba tatu zinazofuatana ni 72. Tafuta namba hizo. Alikuwa amebahatisha 20, 21, 22, akafuta. Akajaribu 30, 31, 32, akafuta tena, hadi karatasi ikatoboka.

Nilimpa kalenda ya zamani akate vipande vitatu virefu vilivyo sawa, na punje chache za mahindi. Nikamwambia, "Namba ya kwanza hatuijui. Kipande hiki ndicho namba hiyo. Je, ya pili inaizidi kwa ngapi?"

"Kwa moja."

"Basi weka chini yake kipande kingine kama hicho, na mwishoni uongeze punje moja. Na ya tatu?"

Alifikiri kidogo, akaweka kipande cha tatu na punje mbili bila kuambiwa.

Sasa akaona kwa macho yake: vipande vitatu vilivyo sawa na punje 3, vyote pamoja ni 72. Ukiondoa punje 3 zinabaki 69, nazo ni za vipande vitatu. 69 gawa kwa 3 ni 23. Namba zenyewe ni 23, 24 na 25. Sikumwambia kwamba amepata, nilimwambia ajumlishe. Alipoona 72 alijumlisha mara ya pili, kana kwamba haamini.

Njia hii ya vipande ilianza kutumika katika shule za msingi za Singapore miaka ya 1980, na leo inafundishwa katika nchi nyingi. Uzuri wake ni kwamba mtoto hakariri, bali anaona. Hata siku mwalimu atakapoleta herufi x, hatashtuka: kile kipande ndicho x, kinachofuata ni x + 1, kisha x + 2.

Kama swali linasema namba shufwa, kumbuka kwamba hizo hupishana kwa mbili. Jumla ikiwa 48, punje za ziada ni 2 na 4, yaani 6. Zinabaki 42, gawa kwa 3 upate 14. Namba ni 14, 16 na 18. Witiri nazo hupishana kwa mbili, hivyo fanya vivyo hivyo.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba yule binti amfundishe mama yake. Walipomaliza nikamwambia mama, "Dada yangu, wewe sokoni Morogoro unarudisha chenji kwa wateja watano bila karatasi. Nani alikuambia hesabu hazikuingii?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nitamwambia mdogo wangu asubiri mpaka mtihani uishe." Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikumbana. Lakini binti alibaki shuleni.

Ninalisema hili pia kwa sababu ya kazi yangu. Dawa nyingi za mtoto hupimwa kwa uzito wake. Muuguzi asiyejua kuzidisha na kugawanya ni hatari kwa mgonjwa. Tukiwafundisha mabinti zetu kuogopa namba, tunawafungia milango mingi kwa mikono yetu wenyewe.

Basi mama, jioni baada ya chakula, kaa na mwanao robo saa. Kama hakuna karatasi, chora kwa mkaa sakafuni. Anza na jumla ndogo, kama 12. Usimpe jibu, wala usimcheke akikosea, muulize tu, "Hii inaizidi ile kwa ngapi?" Na kama wewe mwenyewe hujui, mwambie akufundishe. Mtoto anayemfundisha mama yake hawezi tena kuamini kwamba hana akili.