Sukari na Machungu Yake: Masomo ya Kihispania Kisiwani Cuba

Lugha ya watu haikai yote kitabuni. Sehemu yake kubwa i njiani, sokoni na jikoni. Haya tuliyashuhudia sisi wanafunzi wa kike kutoka Mombasa tulipokwenda Havana, mji mkuu wa Cuba, kujifunza Kihispania. Asubuhi tulisoma katika Chuo Kikuu cha Havana, kilichoasisiwa mwaka 1728. Alasiri tulitembezwa mjini, na siku za mapumziko tulipelekwa mbali zaidi. Katika matembezi hayo, neno moja tulilolijua tangu utotoni lilitufunza zaidi ya kurasa nyingi za sarufi.

Neno lenyewe ni sukari. Wacuba huiita azúcar, na asili ya majina hayo mawili ni moja, yaani Kiarabu. Waislamu walitawala sehemu za Hispania tangu mwaka 711 hadi Granada ilipoanguka mwaka 1492, na katika karne hizo Kihispania kiliokota maneno mengi ya Kiarabu. Mwaka huo huo wa 1492 Christopher Columbus alifika Cuba, na lugha ikamfuata. Ndiyo maana kikombe huitwa taza, jamaa ya tasa yetu ya shaba, na limau huitwa limón. Mtu akitamani jambo lake liwe, husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu cha kutaja mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Kila tulipolisikia, nyoyo zetu ziliitikia inshallah.

Havana ya kale haikutuwia ngeni sana. Katika Mtaa wa Oficios ipo Nyumba ya Waarabu, makumbusho yenye ua wa ndani na kivuli kizuri, na karibu yake upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2015. Ng'ambo ya mlango wa bandari imesimama ngome ya Morro, iliyoanza kujengwa mwaka 1589. Fort Jesus yetu ilianza mwaka 1593. Zote mbili zilichorwa na mafundi wa Kiitaliano chini ya utawala wa Mfalme Philip wa Pili, aliyekuwa akitawala Hispania na Ureno kwa pamoja. Tulipoziona kuta zile nene zikikabili bahari, tulihisi tumesimama Mji wa Kale.

Chakula nacho kilikuwa somo. Wali uliopikwa pamoja na maharage meusi huitwa moros y cristianos, yaani Wamoro na Wakristo, jina linalokumbusha vita vya Hispania. Sahani hiyo inafanana na wali na maharage ya kwetu, ila mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe. Basi msemo tuliouhifadhi mapema kuliko yote ulikuwa sin cerdo, bila nguruwe. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alipokwisha kuelewa, alitupikia samaki, mayai na ndizi za kukaanga, na mazungumzo ya jikoni mwake yakanyoosha ndimi zetu.

Safari iliyotuingia zaidi ilikuwa ya Trinidad, mji ulioasisiwa mwaka 1514, zaidi ya kilomita 300 kutoka Havana. Karibu yake liko Bonde la Viwanda vya Sukari, na ndani ya bonde hilo mna mnara wa Manaca Iznaga, wenye urefu wa mita 45 na ghorofa 7. Kutoka juu, wasimamizi waliwachunga watumwa mashambani. Kengele ilitangaza mwanzo na mwisho wa kazi. Mamia ya maelfu ya Waafrika walipelekwa Cuba, wengi kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, wengine kutoka Msumbiji, pwani hii hii yetu ya mashariki. Utumwa ulikomeshwa huko mwaka 1886 tu.

Tulipofika kileleni, mwalimu alitutaka tueleze kwa Kihispania tunachokiona. Maneno tulikuwa nayo: caña ni muwa, campana ni kengele, esclavo ni mtumwa. Lakini sentensi hazikutoka upesi. Mmoja wetu alisema tu azúcar, kisha akanyamaza, na mwalimu hakumsahihisha.

Chini ya mnara wanawake huuza vitambaa vyeupe vya meza walivyovitarizi kwa mikono. Tuliketi nao kitambo. Walitufundisha kwamba sindano ni aguja na uzi ni hilo, nasi tukawaeleza kuwa kwetu hilo ni neno la kuonyesha kitu, wakacheka sana. Tuliwaonyesha picha za kofia za vito zinazoshonwa Lamu. Walizitazama kwa macho ya mafundi, wakauliza kofia moja huchukua siku ngapi. Hapo hatukuwa tena wanafunzi na wenyeji. Tulikuwa wanawake wanaojua kazi ya sindano.

Wazazi wanaofikiria kuwapeleka mabinti kusoma lugha ugenini waulize mapema habari za makazi, chakula na mahali pa kuswali. Kisha waulize pia kama wanafunzi hutolewa nje ya darasa, wakaonane na watu na historia yao. Kamusi itamwambia binti kwamba azúcar ni sukari. Kwamba sukari hiyo ililimwa kwa jasho la watu walionyakuliwa kutoka bara letu, hilo atalijua vizuri zaidi akisimama bondeni na kuuona mnara.