Mgeni Rasmi na Mpiga Ngoma

Miezi mingi kabla ya msimu kuanza, kumbi kubwa za muziki duniani hutangaza ratiba. Mkazi wa Chicago aweza kujua mapema kwamba jioni fulani okestra ya jiji lake itapiga simfoni ya Beethoven, nani ataiongoza na tiketi ni kiasi gani. Nauli ya kwenda huko sina, lakini ratiba hizo huzisoma. Nazisoma kama mtu asomavyo katiba ya nchi nyingine: ili kuipima ya kwetu.

Ninachokitafuta humo ni ahadi. Ukumbi umemwahidi mwanamuziki siku, saa, ujira na watu walioketi kumsikiliza. Hata mkubwa wa serikali akifika, ataketi na kunyamaza kama wengine. Akichelewa, atasubiri mlangoni mpaka pawe na kituo.

Jambo hili lilinijia akilini nikiwa Nanganga, pale njia panda ambapo msafiri atokaye Lindi huamua kunyoosha kwenda Masasi au kukata kuelekea Ruangwa na Nachingwea. Muziki hapo hauna uhaba. Maduka yana vipaza sauti, bodaboda zinapita na kwaya ndani ya simu, na baada ya mavuno vijiji vya jirani huwa na ngoma za jando na unyago. Nje ya ibada na mila hizo, hata hivyo, ni nadra kukuta mkusanyiko ambao muziki ndio shughuli yenyewe. Muziki wetu wa hadharani umekuwa wa kumpokea mtu.

Utaratibu tunaujua sote. Kiongozi anakuja kuzindua mradi. Kikundi cha ngoma kinaarifiwa jana yake. Wapigaji hufika saa mbili asubuhi na kuota ngozi za ngoma motoni. Mgeni wa saa nne huingia saa nane. Wakati anashuka garini ngoma hupigwa, mshereheshaji akizungumza juu yake. Baada ya dakika tatu mkono hunyanyuliwa, ngoma hunyamaza, hotuba huanza. Malipo ni soda na bahasha ambayo kiasi chake hakikujadiliwa na yeyote.

Katika wilaya moja ya kusini, katika hafla ya namna hiyo, niliketi nyuma ya wapigaji. Mzee aliyekuwa kiongozi wao aliniambia kwamba ngoma yao ina sehemu nne. Tangu waanze kuitwa kwenye sherehe za serikali, hawajawahi kuruhusiwa kuvuka sehemu ya kwanza. Vijana anaowafundisha sasa wanaijua hiyo ya kwanza tu, kwa kuwa ndiyo inayohitajika. Ndugu msomaji, hivyo ndivyo sanaa inavyokufa mbele ya macho ya watu wanaoipigia makofi.

Najua atatokea wa kusema kwamba mambo ya ratiba na kumbi ni ya Wazungu wenye fedha. Historia haimuungi mkono. Ukumbi wa okestra ya Chicago ulifunguliwa mwaka 1904. Mwaka uliofuata, 1905, Zanzibar kilianzishwa kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa, na hadi leo jina hilo lipo. Wazanzibari hao walijifunza ala, wakafanya mazoezi, na wakawa na hadhira iliyokuja kwa ajili ya muziki wenyewe. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha Okestra ya Simfoni ya Wakimbanguisti na watu ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana. Violini zilikuwa chache, wakazitumia kwa zamu. Okestra hiyo imempiga Beethoven mbele ya umma wa Kongo. Walichotangulia kuwa nacho ni siku za mazoezi na siku ya kusikilizwa.

Na sisi wa kusini ratiba si jambo geni. Mkulima wa korosho aliye chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hutangaziwa siku ya mnada na huisikia bei mbele ya watu. Mfumo huo una malalamiko yake, lakini hakuna anayethubutu kumwambia mkulima alete gunia lake, asubiri mgeni, kisha apewe soda. Kwa nini mpiga ngoma, ambaye naye ameleta zao lake, aambiwe hivyo?

Tunayo sheria ya Baraza la Sanaa la Taifa tangu mwaka 1984, na halmashauri zetu zina maofisa utamaduni. Kwa hao, ambao baadhi yao niliwafundisha, natoa pendekezo dogo. Chagueni jioni nne kati ya Julai na Oktoba, barabara zikiwa kavu na watu wakiwa wamevuna. Bandikeni tarehe kwenye mbao za matangazo tangu Januari, pamoja na majina ya vikundi na malipo ya kila kimoja. Ukumbi wa shule unatosha. Uwanja chini ya mwembe unatosha pia. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada za utafiti waende na vinasa sauti. Mkuu wa wilaya naye akaribishwe, apewe kiti kizuri, wala asipangiwe hotuba.

Jioni ya kwanza yule mzee apewe saa nzima. Vijana wake wameisubiri sehemu ya pili muda mrefu, na anayeikumbuka hadi ya nne ni yeye.